Moyo Unaokimbia na Gauni la Anitha

Jumatatu, 2 Juni

Mashati ya shule matano yamekatwa, matatu yameshonwa. Kola zake zinanichosha kuliko gauni la harusi. Wenyewe wanakuja Jumatano. Kazi ikichukuliwa napiga mstari katika daftari hili na kuandika: imechukuliwa. Mbele vipimo vya wateja, nyuma mambo yangu. Huku nyuma hakuna anayesoma.

Saa tano asubuhi moyo ulianza tena. Sikukimbia, sikuinua kitu, sikugombana na mtu. Nilikuwa nimekaa natia uzi kwenye sindano. Mara ukaondoka, kama cherehani inayokimbia wakati mguu wangu hauko kwenye pedeli. Shingo inadunda, uzi haukuingia.

Nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikaenda nyumbani, hapa hapa Bagara. Nikaoga upesi, nikavaa lile gauni la bluu la kwendea kwenye watu, nikapanda bajaji hadi hospitali. Wakanilaza, wakanibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi. Moyo safi. Tabibu akasema, "Mama, huna kitu. Punguza mawazo." Mawazo yapi? Wiki hii sina wazo lingine zaidi ya kola.

Jumanne, 3 Juni

Moyo kimya siku nzima. Sina imani na ukimya wake.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi amekuja kutoka Mutuka. Mama Josefu, dada wa marehemu mume wangu. Amekuja kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu Anitha kabla ya harusi, tarehe 28, na tayari ameshika uongozi wa jiko bila kuulizwa na mtu. Nampenda. Ananichosha.

Nimemweleza habari za moyo, nikamwapisha asimwambie Anitha. Asubuhi alisema ni upungufu wa damu. Mchana ikawa gesi. Kufikia saa kumi ilikuwa jicho baya la mtu. Dawa ya vyote vitatu ni moja, chai ya rangi yenye majani mengi na tangawizi ya kuchoma masikio. Nimekunywa vikombe vitatu kwa heshima.

Anitha anafundisha shule ya msingi kule Sigino. Ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake ana miaka sita kaburini, kwa hiyo atakayeingia ukumbini amemshika mkono siku ya kumuaga ni mimi. Hakuna mwingine. Akijua naumwa atasema tuahirishe, namjua. Na gauni lake nalishona mimi, kwa mkono wangu. Mradi nifike tarehe 28 nikiwa nimesimama, mengine baadaye.

Jumamosi, 7 Juni

Umerudi. Nilikuwa nachambua maharage. Umekimbia zaidi ya nusu saa, kifua kimebana, nikaona giza nilipoinuka. Nikasema leo ndiyo leo.

Wifi anapiga kelele twende, twende. Mimi namwambia subiri, siendi hospitali na vumbi la maharage. Mama yangu kule Dareda alitulea hivyo, mwanamke haendi hospitali mchafu, wauguzi watasema nyumba nzima iko hivyo. Nikajimwagia maji chapchap kuanzia kichwani, na maji ya Juni yanauma hadi kwenye mifupa. Nikapaka mafuta, gauni la bluu, kilemba. Tukaondoka.

Karatasi nyingine safi. Presha nzuri, damu nzuri, sukari nzuri. Muuguzi mmoja akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Mama, mbona umependeza hivi? Unaumwa kweli?"

Nimelia kwenye bajaji kwa hasira. Wanadhani naigiza. Ubaya ni kwamba na mimi nimeanza kudhani naigiza.

Jioni nimefungua ukurasa wa mwisho kabisa wa daftari hili, nikaandika vipimo vyote vya gauni la Anitha. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Nikaandika lesi inaanzia wapi na upindo uachwe kiasi gani. Nikifa, fundi mwingine amalizie. Hata nikiwa kaburini sitaki kile kiuno kilegee.

Jumapili, 8 Juni

Ibada. Nimekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali ambapo sijawahi kukaa. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumatano, 11 Juni

Anitha amekuja kujaribu gauni. Nimepiga magoti nabana upindo, pini sita mdomoni, ndipo moyo ukaondoka. Akauliza, "Mama, mbona umenyamaza?" Nikamwonyesha pini. Mungu azibariki pini.

Jasho lilianza kunitoka. Nikatoka uani, nikazamisha uso wote kwenye beseni la maji ili asinione nilivyo. Nilipoinua uso, moyo ulikuwa umeacha mbio. Tap, basi. Nikarudi na uso umelowa, nikasema ni vumbi la kitambaa limeniingia machoni.

Gauni linamkaa vizuri mno. Alijigeuza mbele ya kioo akacheka kama baba yake. Nilitaka kumwambia, nikashindwa.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike yote nisije nikasahau.

Nilikwenda hospitali peke yangu, moyo ukiwa mtulivu, kuomba tu dawa ya mawazo kwa kuwa wamesema ni mawazo. Nikaangukia kwa daktari mwingine, binti, labda amempita Anitha miaka mitatu. Akaniamkia kwanza, shikamoo mama. Kisha akaweka kalamu chini na kusikiliza. Hilo tu lilinilegeza.

Aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Unaanza polepole au ghafla? Ghafla. Unadunda kwa mpangilio au ovyo ovyo? Kwa mpangilio, kama cherehani. Unaacha ukiwa wapi? Hapo nikakwama. Nikamwambia nijuavyo mimi, nikifika hapa huwa umeshaacha. Akasema nisimulie kuanzia unapoanza hadi ninapofika getini, nisiruke kitu. Nikaanza. Nafunga kibanda, naenda nyumbani, naoga. Akainua mkono.

"Unaoga?"

"Naoga, daktari. Siwezi kuja kwenu nanuka."

"Kwa maji ya moto?"

"Nani ana muda wa kuchemsha maji na moyo unakimbia?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Nilitaka kuudhika, lakini aliniomba radhi upesi, akanieleza. Maji baridi usoni yanaamsha mshipa wa fahamu unaouambia moyo upunguze mwendo. Kwa watu wengine wenye tatizo analolishuku kwangu, hiyo inatosha kuzikata mbio. Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa najitibu bafuni bila kujua, halafu nawapelekea moyo uliokwisha kutulia, umepakwa mafuta na kufungwa kilemba. Mashine inapima kilichopo wakati huo tu. Ya dakika ishirini zilizopita haiyajui.

Nikakumbuka beseni la Jumatano. Nikamwambia. Akaandika.

Agizo lake: ukianza tena, nije hivyo hivyo nilivyo. Nisioge, nisinawe uso, nisibadili nguo, nisije peke yangu. Nikifika niseme unakimbia sasa hivi, nisikae foleni. "Hata uwe umevaa nini, mama." Amerudia mara mbili, nadhani aliuona uso wangu.

Siumwi mawazo. Nimelisema neno hilo kwa sauti njia nzima mpaka dereva wa bajaji akageuka.

Jumatatu, 16 Juni

Sasa nausubiri, hauji. Siku tatu nimekaa kama mwenye mgeni aliyepiga simu kusema yuko njiani. Kila nikishika shingo, kimya. Nimepunguza chai ya wifi, daktari alisema majani mengi yanaweza kuuchokoza, na kukosa usingizi pia. Wifi amenuna. Anasema binti wa juzi hawezi kumfundisha chai.

Alhamisi, 19 Juni

Umekuja. Saa nne asubuhi, napiga pasi lesi.

Niandike nilivyokuwa. Khanga kuukuu iliyopauka. Fulana ya marehemu yenye tundu kwapani. Futi ya kupimia shingoni. Nywele nusu zimesukwa, nusu zimefumuliwa. Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye ndoo wenyewe, kwa mazoea. Wifi akainyakua, akamwaga maji yote uani. "Leo unakwenda na uchafu wako, wifi!" Kwenye bajaji ndipo nikaona nimevaa lapa langu la bluu mguu mmoja na lapa lake jekundu mguu wa pili.

Na nani amesimama foleni ya kliniki ya macho pale mlangoni, kitenge kimenyooka, mkoba mkononi? Mama Gidioni. Mama wa bwana harusi. Tumekutana mara mbili tu, siku ya posa na siku ya kupanga tarehe, zote nimejipanga kama picha ya kalenda. Mkono mmoja nimeshika khanga isidondoke, mwingine shingo. Nikamsalimu, ningefanyaje. Akaitikia huku macho yamefika kwenye malapa. Nilitamani sakafu inifunike.

Lakini nikafika dirishani nikasema kama nilivyoagizwa. Unakimbia sasa hivi. Wakanichukua moja kwa moja, wakabandika waya, mashine ikatema karatasi. Alama zimebanana kama mshono mfupi. Daktari akaishika juu kwenye mwanga. "Tumeupata, mama." Mapigo mia na themanini na nane kwa dakika. Nilijisikia vibaya sana na nilifurahi sana, vyote kwa pamoja.

Wakanifunga kipimo cha presha, wakaniwekea sindano kwenye mshipa wa mkono, tayari kama dawa itahitajika. Kwanza daktari akanipa bomba la sindano lisilo na sindano. Niketi nimeegemea, nipulize kwa nguvu kwenye ncha mpaka kile kijiti cha ndani kisogee, nisiachie, yeye anahesabu hadi kumi na tano. Halafu ghafla wakanilaza chali, muuguzi akainua miguu yangu yote miwili juu. Muuguzi yule yule wa kilemba. Lapa jekundu likaanguka.

Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili moyo ukasita, nikadhani ndiyo mwisho. Kisha ukatembea. Taratibu. Tu, tu, tu. Nililia kama mtoto na sikuona aibu.

Daktari alinichorea. Moyo una njia zake za umeme. Kwangu kuna kinjia cha ziada, huenda nimezaliwa nacho. Siku nyingine umeme unaingia hapo kama gari lililoingia kipilefti likashindwa kutoka, linazunguka tu, na moyo unalifuata. Ukisukuma pumzi vile, unaufungia njia kwa muda mfupi sana, nao unarudi barabarani. Baadaye wamenipiga picha ya moyo, misuli mizima, milango mizima. Kwa mtu wa hali yangu, alisema, kwa kawaida si jambo la kuua, ila si la kupuuza.

Nilipotoka Mama Gidioni alikuwa bado yupo. Ameacha foleni yake ya macho. Alivua mtandio akanifunika mabegani, akasema, "Pole, mkwe." Hakuuliza malapa.

Ijumaa, 20 Juni

Siri imekwisha. Mama Gidioni alimwambia Gidioni, Gidioni akampigia Anitha kumpa pole. Anitha amefika saa saba na vumbi la chaki mikononi.

"Yaani mimi nasikia habari za mama yangu kwa watu?"

Nimemwambia niliogopa ataahirisha. Akasema angeahirisha, ndiyo, kwani ukumbi ndio mama yake? Alilia, nami nikalia, wifi akalia kutuzidi wote kisha akapika. Nimemwonyesha karatasi ya mashine na mchoro. Nimemwonyesha bomba nililopewa hospitali nije nalo. Ameshika lile bomba muda mrefu akiligeuza geuza. Mwisho akasema hatuahirishi, ila nisimfiche tena kitu. Nimekubali. Nimeshusha pumzi ya wiki tatu kwa mara moja.

Niliyoambiwa, niyaweke hapa. Kidonge kimoja kila asubuhi, nisikiache kwa sababu tu najisikia mzima. Ukianza, niketi, nisiendelee na kazi. Bomba, kisha miguu juu. Ikishindikana narudia. Ukigoma, au kifua kikiuma, pumzi ikikata, au nikizimia, hospitali mara moja, hakuna kuoga. Nisimfundishe jirani kupuliza mpaka apimwe kwanza, si kila moyo unaokimbia ni wa namna hii. Na baadaye kuna hospitali kubwa ambako wanapitisha waya kwenye mshipa wa paja na kukichoma kile kinjia kabisa. Nitaliwaza baada ya harusi. Leo naona linawezekana hata hilo.

Jumatano, 25 Juni

Mazoezi. Mimi napuliza, wifi anahesabu, halafu ananipindua na kuinua miguu. Alifika saba akasahau, akaanza upya. Mara ya pili akacheka akaniachia miguu, kisigino changu kikapiga meza ya cherehani. Nimemwambia akifanya hivyo siku ya kweli nitamfukuza jikoni. Akajibu miguu yangu ni mizito kama magogo, nipunguze ugali.

Gauni limekwisha. Upindo nimeushona kwa mkono.

Jumapili, 29 Juni

Imepita. Naandika nimenyoosha miguu kitandani, visigino vinawaka kwa kucheza.

Jana saa kumi jioni tulikuwa chumba cha nyuma ya ukumbi, mimi na Anitha, tunasubiri mshereheshaji atuite. Muziki umeshaanza. Nikainama kunyoosha lesi ya kiunoni, nilipoinuka moyo ukaondoka. Siku zote zile zilizopo, ukachagua hiyo. Anitha aliuona uso wangu kabla sijasema. Nikasema tu, "Umeanza." Sikuficha, niliahidi.

Bomba lilikuwa kwenye mkoba. Wifi alikuja mbio na aproni. Mama Gidioni alikuwa mlangoni ametuletea maua, akaingia naye. Wakatandika vitenge juu ya mabenchi mawili, mimi na gauni langu la dhahabu la mama wa bibi harusi nikaketi, nikapuliza. Anitha alihesabu, sauti yake ya darasani, haitetemeki hata kidogo. Kumi na tano. Wakanilaza, wifi akashika mguu wa kulia, Mama Gidioni wa kushoto, wakainua. Gamisi yangu ya ndani ya gauni yote ikaonekana. Mkwe wangu ameshika mguu wangu hewani na mimi nimelala chali natazama dari. Katika maisha yangu sikupanga kujuana na ukoo ule kwa njia hiyo.

Ukasita. Ukatembea.

Halafu Mama Gidioni akasema, "Mkwe, gamisi hii umeshona mwenyewe? Nzuri." Wifi akaachia mguu kwa kicheko, safari hii haikudhuru. Tulicheka mpaka wanja wa Anitha ukaanza kumwagika, ikabidi nimfute.

Nilikaa dakika kumi, nikanywa maji. Mshereheshaji aliita mara mbili, wifi akatoka kumwambia bibi harusi haharakishwi. Kisha nikasimama. Miguu ilinibeba. Nikamshika Anitha mkono, tukaingia, watu wakasimama, vigelegele. Nilimsikia akihesabu chini chini, moja, mbili, tatu, hatua zetu. Hatukukosea hata moja. Aliponilisha keki nilimwona baba yake kabisa usoni, nikalia tena, na mara hii kila mtu alielewa ni kwa nini.

Jumanne, 1 Julai

Nyumba kimya. Wifi amerudi Mutuka, ameniachia majani ya chai pakti nzima, mkaidi. Kidonge nimemeza. Moyo unatembea.

Daktari amepita kibandani akitoka kazini, ameleta kitambaa cha kushona sketi. Nimempima kiuno. Aliuliza habari za sherehe, nikamsimulia mabenchi na gamisi, akavua miwani tena.

Alipoondoka nikafungua ukurasa wa mwisho. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Maandishi yangu ya siku ile yamelala upande, ya mtu mwenye haraka. Nikapiga mstari. Chini nikaandika: imeshonwa na mimi. Imechukuliwa.

Kisha nikaenda kuoga, kwa sababu nilikuwa na vumbi.